Mstari wa Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi: mawingu mepesi, hakuna mvua. Vioo vya ofisi vimeamka na ukungu.

Wifi yangu Chapu,

Hii ni wiki ya pili tangu kampuni ikuhamishie tawini pamoja na mdogo wangu na watoto, na meza yako bado haijapata mtu. Nimeweka printa juu yake ili niache kugeuka kukuuliza mambo.

Nimefikiria ulivyosema kwenye simu, kwamba kwa umbali huu kila mtu asomee mtihani wa cheti kivyake. Sikubali. Tuliahidiana kuingia pamoja, Jumamosi tarehe 17 Mei, na atakayepita amvute mwenzake. Msimamizi amesema dawati la usambazaji litapata mkuu wake mwezi wa sita, na lazima awe na cheti. Wewe una shahada. Mimi nina kidato cha nne. Nimekaa kwenye dawati hilo miaka saba nikipeleka programu mpya kwenye seva za wateja, na bila cheti nitakaa mingine saba nikiitwa "msaidizi".

Kwa hiyo napendekeza hivi. Tuandikiane kwa karatasi, maana kwenye simu wewe hujibu kabla hujasoma. Mfuko wa barua wa kampuni huondoka Jumanne na Ijumaa, na hufika kesho yake. Kila barua ieleze somo moja bila msaada wa kompyuta, na ndani yake mwandishi afiche kosa moja la makusudi. Msomaji alitafute, ataje lilipo na alisahihishe. Asipoliona aseme hakuliona, mwenzake amfungulie. Mficha uchi hazai.

Naanza. Chukua nyumba. Mezani kuna daftari, na daftari linasema sebuleni kuna viti vinne. Kazi ya roboti ni kupita kila baada ya dakika tatu, kusoma daftari na kuhesabu viti. Akikuta vitatu, analeta cha nne. Akikuta vitano, anatoa cha tano, lakini hapo ni mpaka daftari liwe limemruhusu kutoa. Hachoki wala hanuni. Wewe ukitaka kiti cha ziada, unakibeba mwenyewe mpaka sebuleni, kisha unamwambia roboti akizoee. Hivyo ndivyo programu zinavyofika kwa wateja siku hizi, badala ya mtu kuzipachika moja moja kwa mkono.

Tafuta.

Tarehe
Nimelala saa nne na dakika ishirini usiku.


Ijumaa, nadhani ni tarehe 7

Wifi Tarehe, mwenye kalenda yako,

Kwanza nieleze. Mtu anaandikaje saa aliyolala? Ulishika kalamu huku unakoroma? Nimemsomea mdogo wako, amecheka mpaka akapaliwa. Anasema hukuanza leo, kwamba mna daftari nyumbani lenye tarehe paka alipozaa na idadi ya watoto wake, na mmoja umemwandika "hajulikani alipo". Maskini paka. Alihojiwa?

Sasa kosa lako. Kiti! Nikikibeba kwa mkono, roboti atapita baada ya dakika tatu, ataona hakimo daftarini, na ama atakitoa, ama atapiga kelele kwamba nyumba na daftari haviongei lugha moja. Kiti kinaandikwa daftarini kwanza, roboti mwenyewe ndiye anayekileta. Mkono hauingii nyumbani. Nipe maksi zangu.

Zamu yangu: kumbukumbu za daftari. Kila mstari una jina la aliyeuandika, siku, na sababu. Hakuna kusingizia shetani. Ukigundua umekosea, unachana ule ukurasa wenye kosa, unautupa, na roboti anasoma ukurasa wa kabla yake na kuirudisha nyumba ilivyokuwa. Ndiyo maana hata kosa kubwa halimalizi mtu usingizi.

Huku tawini niko peke yangu. Nikikohoa, ukuta ndio unaniambia pole. Mume wangu amepata kazi kwenye shule ya udereva, anafundishia gari lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Anasema cheti chetu ni kama leseni tu: kinakupa ruhusa ya kugonga kihalali.

Watoto wanamsalimu shangazi yao. Nakukumbuka, usidhani ni utani wote.

Wako,
Chapu


Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi: jua kali mapema, upepo kidogo.

Wifi Chapu,

Maksi zako nimekupa zote. Saa ya kulala naijaza asubuhi yake, kabla sijafunga bahasha. Paka hakuhojiwa.

Kosa lako ni pale uliposema ukurasa unachanwa. Ukurasa hauchanwi. Ukikosea unaandika mstari mpya unaosema "turudi tulivyokuwa jana", na lile kosa linabaki palepale na jina lako, kila mtu alione. Hilo ndilo somo ninalolipenda kuliko yote kwenye kitabu chote. Nilipolisoma mara ya kwanza niliona kama kuna mtu amechungulia shajara yangu.

Nimejiandikisha kwa tarehe 17 Mei. Namba yangu ya kiti ni 6. Nimemwomba karani akuwekee kiti namba 7 ukishathibitisha. Thibitisha, wifi. Msimamizi amenitania leo kwamba tukipita wote wawili itabidi dawati likatwe katikati kwa msumeno. Nimemwambia msumeno nitaleta mimi.

Nakuwekea humu muhtasari wa sura nne za kwanza, kurasa ishirini na mbili. Nimeuandika upya kwa mwandiko mzuri, wa kwangu nimebaki na ule mchafu. Kosa halimo, muhtasari si mchezo.

Tarehe
Nimelala saa tano kasoro robo usiku.


Jumatano, 26 Machi, au 27

Wifi,

Nisamehe kimya. Mtoto mdogo aliugua mafua, kazi imenibana, na kitabu sijafika hata katikati. Tarehe 17 Mei naiona kama kesho. Muhtasari wako umenisaidia mno, Mungu akuzidishie mwandiko.

Nina ombi. Lile somo la vyumba vya kumbukumbu linanipita pembeni. Maelezo sitaki, niandikie mfano mzima wa faili, mstari kwa mstari, kama ingekuwa kazi kweli. Chukua tuseme zahanati. Nikiona faili nzima ndipo kichwa kinafunguka.

Kosa la wiki hii sijaficha, sina hata nguvu ya kukosea.

Chapu


Jumatatu, 7 Aprili
Asubuhi: mvua ya rasharasha, imekatika saa mbili.

Wifi Chapu,

Pole na mtoto. Mpe pole ya shangazi, na wewe ulale.

Vyumba vya kumbukumbu ni hivi. Kwenye vyumba vya kawaida kila kiti kimeandikwa daftarini, kwa hiyo roboti anaweza kuruhusiwa kutoa kisichoandikwa bila hasara. Chumba cha kumbukumbu ni tofauti. Humo vitu vinaletwa na watu wenyewe kila siku: majina ya wagonjwa, siku zao za kuja, simu zao. Daftari letu haliyajui majina hayo na wala halipaswi kuyajua. Kwa hiyo ukiandika faili ya chumba hicho, uwe na woga.

Faili uliyoomba iko nyuma, mistari kumi na moja. Humo nimeficha kosa moja, na safari hii ni kali. Tuone kama utaliona. Geuza.

1. Mteja: zahanati ya mfano
2. Daftari: kuu
3. Ukurasa: wa mwisho ulioidhinishwa
4. Nyumba: ya majaribio
5. Chumba: kumbukumbu
6. Milango: mmoja
7. Kupita: kila dakika tatu
8. Kurudisha kilichohamishwa: ndiyo
9. Kutoa kisichoandikwa: ndiyo
10. Kujaribu tena ikishindikana: mara tano
11. Taarifa ziende: dawati la usambazaji

Kanuni ni ileile: taja mstari na sahihisho. Hii ni karatasi ya zoezi, isivuke kwenda kazini. Usipoliona niambie, nitakufungulia kwa barua ya Jumanne inayofuata.

Tarehe
Nimelala saa nne kamili usiku.


Ijumaa, 11 Aprili

Wifi, nimeliona kosa lako, rahisi tu. Asante sana kwa mfano, ni dhahabu. Niko mbiombio.

Chapu


Jumatatu, 14 Aprili
Asubuhi: mawingu mazito, hakuna mvua.

Wifi Chapu,

Umesema umeliona, hukutaja mstari. Kanuni yetu inataka mstari. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia jibu, halafu nikaona nitakuwa kama mwalimu wa zamu. Una watoto wawili na mume anayepaliwa. Safari hii nakuamini kwa neno lako tupu.

Karani anasema bado hujathibitisha kiti namba 7.

Tarehe
Nimelala saa nne na nusu usiku.


Ijumaa, 25 Aprili

Kwa Msaidizi, Dawati la Usambazaji,

Jumatano tarehe 23 Aprili, zahanati ya macho inayohudumiwa na tawi letu ilifungua milango na kukuta orodha yake yote ya miadi haimo kwenye kompyuta. Wagonjwa arobaini na mmoja, wengi wao wazee, walifika na karatasi zao za kufanyiwa upasuaji na hakuna jina hata moja lililopatikana. Nakala ya akiba iliyokuwepo ni ya wiki mbili nyuma.

Uchunguzi umeonyesha kwamba faili mpya iliyoingizwa Jumanne tarehe 22 Aprili ilimruhusu roboti kufuta kila kisichoandikwa. Faili iliingizwa na mwenzako wa tawini. Ameeleza kwa maandishi kwamba aliipata kwako, kwamba alikuamini kama mwalimu wake, na kwamba ulikuwa na sababu ya kutaka aharibikiwe kabla ya uteuzi wa mwezi wa sita. Ameambatanisha nakala ya ukurasa wa barua yenye mwandiko na tarehe yako, ambamo unasema: "Humo nimeficha kosa moja, na safari hii ni kali. Tuone kama utaliona."

Kuanzia leo umesimamishwa kazi mpaka utakapojieleza. Nafasi yako ya mtihani kupitia kampuni pia imezuiwa. Una siku kumi.

Msimamizi


Jumamosi, 26 Aprili
Asubuhi: jua. Sikuangalia vizuri.

Wifi Chapu,

Simu yako haipokelewi, kwa hiyo naandika.

Kuna mtu ameingia kwenye droo yako. Amechukua barua yangu ya tarehe 7, akatoa nakala ya ukurasa wa mbele peke yake bila wa nyuma, akaipeleka kwa Msimamizi na maneno ambayo amesema ni yako. Nimeusoma mstari ule kwenye barua ya Msimamizi, nikajisoma mwenyewe kama mwizi. Ukitoa ukurasa wa nyuma na ukatoa barua zote za kabla yake, kweli nilikutegea mtego.

Fikiri ni nani hapo tawini. Nani ana ufunguo wa meza yako? Mwambie Msimamizi upesi kwamba maneno yale si yako, na kwamba ulikuwa mchezo wetu, wazo langu, tangu tarehe 3 Machi. Mwonyeshe ukurasa wa nyuma, penye neno "isivuke kwenda kazini".

Jambo moja tu silielewi. Mwizi wa barua angeweza kuiba karatasi, lakini faili iliingizwa kwa jina lako. Ulisema umeliona kosa. Uliona lipi?

Nangoja.

Tarehe
Nimelala saa tisa usiku, au saa kumi. Ni mara ya kwanza sina hakika.


Alhamisi, 1 Mei

Dada yangu,

Naandika mimi kwa sababu mwenzangu hawezi, na barua nampa dereva wa basi la leo aifikishe. Tangu barua yako ifike hali chakula, anakaa na kugeuza kijiko. Hakuna mwizi, dada. Nakala nilitoa mimi, kwenye duka la fotokopi jirani na shule ya udereva. Aliniambia ukurasa wa mbele unatosha. Sikuuliza. Ningeuliza angesema nimeingilia.

Nakuomba kama mdogo wako. Hii iache ipite. Wewe wakikuona umekosea hawatashangaa. Watasema kidato cha nne, kapitiwa, watakuonya, na kwa miaka saba uliyokaa pale watakurudisha tu. Yeye ana shahada. Cheti chenyewe anacho tangu tarehe 22 Machi, kiko kabatini na Msimamizi anajua. Wakisema mwenye cheti hakuona kosa la mtu wa kidato cha nne, ataficha wapi uso? Na watoto?

Zile barua zake ulizo nazo zichome. Najua unazo, wewe huchomi hata risiti. Lakini safari hii choma.

Nakufundisha kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu: gari la mafunzo lina breki mbili. Mwanafunzi akishindwa, anakanyaga mwenzake. Kanyaga yako, dada.

Mdogo wako


Ijumaa, 2 Mei
Asubuhi: mvua kubwa, mfereji wa nyuma umejaa.

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara tatu za kwanza niliishia kwenye tarehe 22 Machi, sikuweza kuendelea.

Tarehe 22 Machi ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo, shajara inasema, nilifua mapazia na nikarudia sura ya tano kwa sauti, nikijifanya mkeo yuko upande wa pili wa meza. Jumatano iliyofuata aliniandikia kwamba kitabu hajafika hata katikati. Ulikuwepo alipoandika? Mlicheka kama mlivyocheka habari ya paka?

Sasa naelewa "nimeliona kosa lako". Hakuliona. Hakulitafuta. Tangu apate cheti, barua zangu hakuwa na haja nazo, isipokuwa ile moja aliyoiomba, kwa sababu zahanati haikuwa ya mfano. Alibadilisha jina la mteja na nyumba, mengine ya faili yangu akayachukua bila kuyasoma kwa kuwa miaka yote faili zangu huwa sawa. Mtu akiniambia hayo siku nyingine ningeyachukua kama sifa.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe niliishona kwa mkono, kurasa ishirini na mbili, kwa mwandiko mzuri.

Na wewe ukaiandika ile sentensi. "Hawatashangaa." Nimekulea toka ukiwa huwezi kufunga kamba za viatu, na leo umenipimia thamani yangu kwa mshangao wa watu ofisini. Hiyo itanichukua muda mrefu kuliko ya mkeo.

Kuhusu breki. Breki ya mwalimu ipo ili mwanafunzi asigonge mtu. Akishagonga, mwalimu hatakiwi kuhamia kwenye kiti chake polisi wakija. Uliniambia mwenyewe, siku ulipopata kazi. Nina tarehe.

Lakini ni kweli kwamba nilikuwa na breki na sikuikanyaga. Tarehe 14 Aprili nilikuwa nimeshaanza kumwandikia "mstari wa tisa", nikaikunja ile karatasi. Ningeituma, ingefika tarehe 16, siku sita kabla. Hilo ni langu, nami nitalisema.

Barua sichomi. Ukurasa hauchanwi. Jumatatu nitazipeleka zote kwa Msimamizi. Nakuambia mapema, kwa barua itakayokuja na basi la kesho asubuhi, ili msije mkasema nimewavizia. Akitaka kumwandikia Msimamizi kabla yangu, mfuko wa leo umeshaondoka, lakini simu anayo.

Dada yako
Nimelala saa saba na dakika kumi usiku.


Jumatatu, 5 Mei
Asubuhi: mawingu, ardhi bado ina maji.

Kwa Msimamizi,

Najieleza ndani ya siku kumi ulizonipa.

Naambatanisha barua saba, nne zangu na tatu za mwenzangu, kwa mpangilio wa tarehe, kutoka 3 Machi hadi 14 Aprili. Zangu ni kutoka kwenye shajara, ambako huandika kila barua kwanza. Zake ni zenyewe, na kila bahasha ina mhuri wa mfuko wa kampuni. Naomba zisomwe zote, kurasa zote mbili zilipo mbili. Sina la kuongeza juu ya alichofanya mwenzangu.

La kwangu ni hili. Mimi ndiye niliyeanzisha mchezo wa kuficha makosa. Nilichagua kosa ambalo likivuka linaumiza watu, nikaliweka kwenye karatasi inayofanana na kazi. Kisha nikakubali jibu lisilotaja mstari, kwa sababu nilimpenda aliyenijibu. Wale wagonjwa arobaini na mmoja hawakuwa kwenye mchezo wetu.

Nimeenda zahanati Jumamosi na Jumapili kwa basi, bila kuulizwa. Nimekaa na mpokezi tukiandika upya majina kutoka kwenye karatasi za wagonjwa wenyewe. Tumepata thelathini na nane. Watatu bado natafuta.

Msaidizi, Dawati la Usambazaji


Ijumaa, 9 Mei

Basi umefanya.

Msimamizi amenipigia simu jana. Amenisomea barua zangu mwenyewe, pamoja na habari ya paka, kwa sauti ile yake ya kusoma taarifa. Unajua ilivyo kusikia utani wako unasomwa hivyo? Nimevuliwa funguo za seva. Ninakaa mapokezi mpaka waamue.

Nisikilize mara moja tu. Sikwenda kufanya mtihani ule ili nikupite. Nilikwenda kwa siri ili nikifeli usijue. Wewe ukifeli watasema maskini, alijitahidi. Mimi nikifeli mbele yako, mbele ya mtu niliyemkuta anajifundisha mwenyewe kwa penseli, wangesema nini juu ya shahada yangu? Nikapita. Na nilipopita ningekuambiaje? Kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi. Halafu wazee wale wakaja na karatasi zao, mpokezi analia kwenye simu, Msimamizi anauliza "nani", na barua yako ilikuwa palepale mezani. Mkono ulikwenda wenyewe.

Lakini na wewe. Kuzitunza barua za wifi yako kama polisi, bahasha na mihuri yake! Ulikuwa unangoja siku gani? Kuandikiana na wewe kumbe ni kutoa maelezo kituoni.

Umeniua, wifi.

C.


Jumamosi, 17 Mei
Asubuhi: angavu, baridi kidogo, umande kwenye waya za nguo.

Wifi,

Msimamizi alinirudisha kazini Jumatano kwa onyo la maandishi, ambalo ni haki yangu, na kunirudishia nafasi ya mtihani kwa maneno matatu: "Njoo ufanye mtihani." Mchezo wa kuficha makosa umepigwa marufuku kwa waraka, kampuni nzima. Watu hawajui waraka umetokea wapi. Mlinzi ameniuliza kama bado anaruhusiwa kumficha mwenzake funguo za geti kwa utani.

Mtihani nimeufanya leo saa tatu asubuhi. Chumba kina kompyuta tisa na feni moja. Kiti namba 7 kilikuwa wazi. Hukuwahi kukithibitisha na karani hakuwahi kukitoa, maana nilikuwa nimemsumbua mno. Niliweka mkoba wangu juu yake, msimamizi wa mtihani akaniambia niuweke chini.

Swali la thelathini na moja lilikuwa la chumba cha kumbukumbu. Je, roboti aruhusiwe kutoa kisichoandikwa? Majibu manne ya kuchagua. Nililijua kabla sijayasoma, na hata hivyo nilikaa dakika nzima mkono ukiwa juu ya meza. Ndilo swali lako. Ningekuwa nimekunong'oneza.

Nimepita. Matokeo huja hapohapo, kwenye kioo, kwa herufi ndogo kuliko nilivyodhani. Nilitoka nje na sikuwa na mtu wa kumwambia kwanza. Nilimwambia mpokezi wa zahanati, kwa sababu alikuwa amenipigia kuniambia mgonjwa wa mwisho amepatikana. Alikuwa amekuja mwenyewe, na karatasi yake mfukoni, anauliza kwa nini hatukumwita.

Umesema mkono ulikwenda wenyewe. Wifi, tumefundishana tangu Machi kwamba mkono hauingii nyumbani.

Umeniuliza nilikuwa nangoja siku gani hata nikazitunza barua zako na bahasha zake. Sikuwa nangoja siku. Nilizitunza kwa sababu nilizipenda. Ile ya paka niliisoma mara nyingi kuliko sura yoyote ya kitabu. Msimamizi bado hajanirudishia, na nimeomba mara mbili.

Kuhusu uliyoniandikia, kwamba uliogopa kufeli mbele yangu: naamini. Ndilo linaloniuma. Kama ungekuwa umenipita kwa tamaa ningekuchukia na kumaliza. Lakini miaka yote niliyokuona unakaa karibu nami, kumbe ulikuwa unanipima, mtu wa penseli, na ukaona heri wagonjwa arobaini na mmoja wawe juu ya jina langu kuliko mimi nikujue umekosea.

Waambie watoto shangazi yao atakuja likizo, kama kawaida. Watanikuta mlangoni na zawadi, na wewe nitakusalimu mbele yao. Mdogo wangu mwambie sina la kumwandikia kwa sasa.

Nimeisoma barua hii mara mbili kabla ya kuikunja. Ni ya kwanza kukuandikia tangu mchezo upigwe marufuku, na sikuficha kosa ndani yake. Usitafute.

Tarehe
Nimelala saa mbili na dakika arobaini usiku.